Nusu ya ukurasa haijapotea

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. "Mama, nusu ya ukurasa imetoweka na sijafuta kitu. Labda kichwa changu hakifai kwa mambo haya." Hilo la kichwa liweke kando kwanza. Faili la ukurasa wako wa wavuti ulilonitumia nimelifungua, na aya zako zote kuhusu bibi zimo, hakuna hata herufi moja iliyofutika.

Tazama mstari wa 14, pale ulipoweka kiungo. Baada ya href, neno linalotangulia anwani ya kiungo, na alama ya sawasawa ulifungua alama ya kunukuu, ukaandika anwani, ukasahau kuifunga. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za wavuti, kikaendelea kusoma kikidhani bado kiko kwenye anwani. Aya iliyofuata kikaihesabu kuwa anwani, ya pili vivyo hivyo, ya tatu pia, mpaka kilipokutana na alama ya kunukuu ya kiungo kingine huko chini. Aya tatu zimemezwa na alama moja. Irudishe mahali pake, hifadhi, pakia ukurasa upya, utamwona bibi yako mzima.

Umejilaumu bure, na najua sababu. Hakuna aliyekuambia kwamba HTML, lugha hii unayoandikia ukurasa, haigombi. Ukikosea, kivinjari hakisimami kukuonyesha kosa. Kinakisia ulichotaka kusema, kisha kinaendelea kimya kimya. CSS, lugha ya kupanga rangi na mwonekano, nayo iko hivyo hivyo: ukikosea tahajia ya neno moja, mstari ule unarukwa, mingine inafanya kazi, wewe unabaki kushangaa kwa nini rangi haibadiliki. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende mambo, angalau husema. Ikikwama, fungua konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa (kwenye kompyuta nyingi ni kitufe cha F12) utakuta kosa limeandikwa kwa rangi nyekundu, pamoja na namba ya mstari. Lisome neno kwa neno kabla ya kumuuliza mtu yeyote.

Kwa hiyo ukimya wa HTML una dawa moja tu ninayoiamini: andika kidogo, hifadhi, tazama. Umeniambia uliandika mistari 60 kabla ya kufungua kivinjari hata mara moja. Ningefanya hivyo mimi, na miaka yangu yote ya kazi hii, ningepotea kama wewe. Weka kichwa cha habari, tazama. Ongeza aya moja, tazama. Kitu kikiharibika, unajua ni kile ulichogusa dakika iliyopita.

Wenzako wanakuhimiza urukie JavaScript kwa sababu ndiyo inayofanya vitu vicheze. Usiwafuate kwa sasa. Tim Berners-Lee alipotengeneza tovuti ya kwanza kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, mwishoni mwa mwaka 1990, hapakuwa na JavaScript wala CSS. JavaScript ilikuja 1995, na toleo la kwanza la CSS likatoka 1996. Miaka yote hiyo watu walisomana kwa vichwa vya habari, aya na viungo. Tena tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliiachia dunia teknolojia hiyo bure, ndiyo maana leo unaandika ukurasa wako bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi jambo hilo sijawahi kulizoea.

Nimeona pia umetumia h1, alama ya HTML ya kichwa kikuu, kwenye kila sentensi uliyotaka iwe kubwa. Ukubwa wa herufi mwachie CSS. h1 inasema "hiki ndicho kichwa cha ukurasa", na kuna anayeisikia kauli hiyo. Asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, na huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopitisha macho. Ukurasa wako unamwambia kila kitu ni kichwa. Atashika wapi?

Kuhusu picha: jina la faili liandike kwa herufi ndogo tupu, bila nafasi. Niliwahi kumkabidhi mteja tovuti ambayo kwangu ilikuwa safi kabisa, lakini ilipopandishwa kwenye seva, yaani kompyuta inayoitunza tovuti mtandaoni, picha zote zikawa miraba mitupu. Nilikesha. Kumbe faili liliitwa Picha.JPG, nami kwenye msimbo niliandika picha.jpg. Kompyuta yangu iliyaona majina hayo kuwa kitu kimoja. Seva ikayaona mawili. Tangu siku hiyo sijaandika herufi kubwa kwenye jina la faili.

Halafu sehemu ya alt, yale maelezo ya picha ambayo asiyeona husomewa, umeandika "picha". Mtu asiyeona anajua tayari kwamba ni picha. Mwambie anachokikosa: "Bibi ameketi kwenye kiti cha mbao, anacheka, mkono mmoja umeshika miwani." Wewe ulikuwepo siku ile, kwa hiyo maneno ya kuieleza hutayakosa.

Leo rekebisha mstari wa 14 na hiyo alt tu, mengine yasubiri kesho. Ukikwama tena nitumie faili lenyewe, si picha ya skrini ya kivinjari, maana humo alama ya kunukuu iliyokosekana siwezi kuiona.

Nakupenda,
Mama