Pumba kwa kuku, poda kwa mwenye kuku

Mhariri,

Mtaani kwetu siku hizi inauzwa poda ya nyuzinyuzi, ya kukoroga kwenye maji kabla ya kula ili eti ikate hamu ya chakula. Jirani yangu ni mteja mzuri. Jirani huyohuyo hupeleka mahindi mashineni, akalipia kukoboa, akalipia kusaga, kisha akarudi na sembe nyeupe pe! na kiroba cha pumba cha kuku wake. Nilipomwambia kuku wanakula kile anachokinunua kwenye kopo, alicheka tu.

Sisemi poda ni utapeli. Nyuzinyuzi, au makapi-mlo, hushibisha kweli. Zipo zinazovuta maji zikawa ute (fikiria mlenda) na kukichelewesha chakula kutoka tumboni. Lakini shibe huanzia kwenye kutafuna, na hapo kopo halina msaada.

Mwaka 1977 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwapa watu 10 matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa na juisi, sukari ikiwa kiasi kilekile. Juisi ilinyweka kwa kasi mara 11 kuliko matufaha mazima yalivyolika. Hata mwendo uliposawazishwa, juisi ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko zote. Mimi kilichonishangaza ni yale yaliyopondwa: nyuzinyuzi zake zilikuwemo, ila hayakufikia shibe ya mazima. Wenye vibanda vya blenda mnisamehe.

Halafu kuna jaribio la Marekani la 2019. Watu wazima 20 walikula vyakula vya viwandani wiki mbili, na vyakula visivyosindikwa sana wiki mbili, kila mtu kwa kadiri alivyotaka. Ili nyuzinyuzi zilingane mezani, za upande wa viwandani ziliongezwa kwenye vinywaji. Bado upande huo walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku. Sababu haikuwa moja, najua, lakini nyuzinyuzi za kunywa hazikuwazuia.

Wanaoogopa dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kwa ajili ya sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) wana hoja, nami siwabezi. Sumu hiyo hukaa zaidi sehemu za nje za punje, na kukoboa huipunguza. Dona linataka mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa. Asiye na hakika na mahindi yake ana maharage, kunde, mbaazi, na chungwa la kula na nyama zake badala ya kulikamua. Aanze kidogokidogo na anywe maji, la sivyo tumbo litamwaibisha mbele za watu.

Nyumbani kwangu watoto walilinunia dona kama mwezi hivi. Sasa wanachonung'unikia ni kwamba ugali unabaki.

Naomba ukurasa wenu wa afya uende siku moja mashineni, uwaulize waliopanga foleni ya kukoboa wanalipia nini.

Msomaji wenu,
Morogoro