Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi: Shukrani kwa Mwalimu Wetu wa Kiswahili

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii ya mahafali, na tunakushukuru wewe uliyepanda kivuko cha Kisorya asubuhi na mapema ili uwe nasi hapa Ukerewe. Habari za madawati, maabara na matundu ya vyoo tumemwomba Mkuu wa Shule azitoe katika taarifa yake, naye ameridhia. Sisi tunaomba nafasi yetu yote tumzungumzie mtu mmoja, yule aliyeketi safu ya pili ya walimu na kitenge cha bluu. Ni mwalimu wetu wa Kiswahili. Mwezi Desemba anatimiza miaka 60 na anastaafu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulipoingia kidato cha kwanza darasa letu lilikuwa kimya. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, halafu ghafla Baiolojia, Hisabati, Jiografia na Historia zikaja kwa Kiingereza. Mwalimu akiuliza swali tuliinamia madaftari. Kipindi cha Kiswahili ndicho kilichobaki cha kuinua mkono, na hata humo tulikuwa na hofu ya kuchekwa. Nyumbani tunasema Kikerewe, Kijita, Kikara au Kisukuma, na wengi wetu r na l hutupotea. Mimi ninayesoma risala hii, katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, niliwahi kuvishwa kibao shingoni kwa kuzungumza Kikerewe na mdogo wangu saa ya mapumziko. Nilikivaa hadi jioni. Baada ya siku ile sikuzungumza tena darasani kwa hiari yangu.

Wiki yangu ya pili hapa, mwalimu wetu huyu, tunayemwita Madamu, aliniuliza kama nimepata bweni. Nikajibu kwamba nimeshapata mahari pa kulala. Darasa zima likacheka. Yeye aligeukia ubao akaandika mahali na mahari, chini yake kula na kura, akatutaka tueleze kila neno. Kisha akatueleza kwamba lugha nyingi za Kibantu hazitumii r na l kutofautisha neno na neno, kwa hiyo sikio lililolelewa humo linahitaji muda. Alisema hivyo kwa heshima ileile anayofundishia shairi. Akanipa kazi ya kukusanya jozi nyingine kumi za namna hiyo na kuwafundisha wenzangu Jumatatu. Nilifundisha, nikiwa na miaka kumi na minne, mbele ya wale wale walionicheka.

Yeye kwao ni Pangani, pwani ya Tanga. Alipopangiwa kituo hapa hakujua hata salamu ya Kikerewe. Aliijifunza sokoni Nansio, kwa mama zetu, na alichojifunza alikileta darasani. Ngeli, ambazo wanafunzi wengi huzikariri kama orodha ya majina ya wageni, alitufundisha kwa kuweka mtu na watu upande mmoja wa ubao, omuntu na abantu upande wa pili. Tulipoona kwamba jambo lile tulikuwa tukilifanya tangu utotoni bila kulijua jina, hakuna aliyehitaji kukariri tena. Mada ya rejesta, yaani lugha ya watu wa kazi au mahali fulani, aliifundishia mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Tulikaa na wavuvi wa dagaa tangu wanaposafisha karabai hadi wanapovuta nyavu, tukaandika kila neno la kazi yao tulilolisikia. Daftari lile bado lipo, na vidato vilivyofuata vimeliongeza.

Tunaloshukuru kuliko yote ni Ijumaa. Kila Ijumaa, dakika kumi za mwisho, alitusomea kurasa chache za hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliokaa muda mrefu bila kupata mtoto. Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwa hiki, alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, yeye akiwa na miaka zaidi ya themanini. Mwaka uliofuata akafariki. Ndugu Mgeni Rasmi, sisi tumezaliwa hapa, na aliyetuambia habari hizi ni mtu wa Pangani! Siku ya kwanza aliposoma nilikikumbuka kile kibao. Lugha niliyovishiwa kibao ndiyo aliyoiandikia mzee yule mamia ya kurasa.

Tuna maombi matatu. Nakala ya kitabu hicho shuleni ni moja tu, na jalada lake limeshonwa kwa uzi wa nyavu. Tunaomba utusaidie kupata nakala za kutosha, ili kila darasa liwe na yake. Pili, walimu wa Kiswahili ni wawili kwa vidato vyote vinne, na Januari atabaki mmoja. Tunaomba mwingine apatikane kabla shule haijafunguliwa, maana wadogo zetu wa kidato cha kwanza watakuja kimya kama tulivyokuja sisi. Tatu, daftari la maneno ya mwaloni tunaomba liwafikie wataalamu wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) au wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipime kama lina linalofaa kuhifadhiwa.

Madamu, kwa ruhusa ya mgeni rasmi, tunaomba usimame. Daftari tumelinakili kwa mkono, neno kwa neno, na nakala hii tuliyoijalidi ni yako. Kurasa ishirini za mwisho tumeziacha wazi. Ukifika nyumbani, ukikaa na wavuvi wa Pangani, tuandikie humo maneno yao.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wahitimu wa Kidato cha Nne