Barua kwa Rafiki Anayetaka Kuacha Uhandisi wa Maji

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wote ulio nao. Barua yako niliipokea na nikaisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa swali uliloniuliza ni zito na sikutaka kulijibu juu juu. Unasema umechoka kukokotoa mtiririko wa maji na kuchora mitandao ya mabomba, kwamba moyo wako sasa umeelekea kwenye kazi za amani na maendeleo endelevu, na kwamba unafikiria kuuacha uhandisi wa maji ili ukasome shahada ya uzamili ya masomo ya amani. Umeniomba nikupe maoni yangu bila kukuficha. Ninavyoona mimi, usiuache uhandisi. Nenda kwenye amani ukiwa nao, kwa sababu huko unakotaka kwenda wapo wengi wenye nia njema, lakini wanaoweza kukaa mezani na pande mbili zinazogombana na kuzieleza kwa usahihi mto unabeba maji kiasi gani wakati wa kiangazi ni wachache mno.

Tazama Mkataba wa Maji ya Mto Indus, uliotiwa saini mwaka 1960 kati ya India na Pakistan baada ya miaka mingi ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Benki ya Dunia. Mito mitatu ya mashariki, yaani Ravi, Beas na Sutlej, ilipewa India, na mitatu ya magharibi, yaani Indus wenyewe, Jhelum na Chenab, ikaachiwa Pakistan, isipokuwa matumizi machache ambayo India iliruhusiwa kuyafanya huko. Hayo huenda unayajua. Nataka uyatazame masharti yanayohusu watu. Mkataba uliunda tume ya kudumu yenye kamishna mmoja kutoka kila nchi, na ukaeleza kwamba kwa kawaida kamishna huyo awe mhandisi wa ngazi ya juu mwenye ujuzi wa haidrolojia, yaani elimu ya mwenendo wa maji mitoni na ardhini, na wa matumizi ya maji. Makamishna wakishindwa kuelewana juu ya jambo la kiufundi, jambo hilo hupelekwa kwa mtaalamu asiyeegemea upande wowote, naye pia anatakiwa kuwa mhandisi aliyebobea. Ndivyo ilivyokuwa kwa bwawa la Baglihar lililojengwa na India kwenye mto Chenab, ambapo Pakistan ilipinga usanifu wake, na uamuzi ukatolewa mwaka 2007 na Raymond Lafitte, mhandisi kutoka Uswisi. Yaliyobishaniwa na serikali mbili zenye silaha za nyuklia yalikuwa kimo cha ukingo wa bwawa, ujazo wa maji yatakayohifadhiwa na milango ya kutolea mafuriko, mambo yaleyale unayoniambia yamekuchosha.

Mkataba huo ulivuka vita vya mwaka 1965 na vya mwaka 1971. Wakati huohuo nisikufiche kwamba mwezi Aprili 2025 India ilitangaza kuusimamisha, kufuatia shambulio lililoua raia huko Pahalgam, katika sehemu ya Kashmir iliyo chini ya India, na Pakistan ikaupinga uamuzi huo vikali. Wapo watakaosema kwamba hilo linathibitisha udhaifu wa wahandisi mbele ya siasa. Mimi nalisoma vingine: kazi ya kitaalamu iliyofanywa kwa uaminifu iliwapa watu wa mabonde yale zaidi ya miongo sita ya utaratibu wa kushughulikia tofauti zao za maji, na siku siasa zitakaporudi mezani, watakaohitajika kuuandika upya mkataba huo au kulitengeneza lile lililoharibika ni watu wanaoijua mito hiyo na wanaojua pia hofu za kila upande. Mtu mmoja mwenye ujuzi wa aina zote mbili ni hazina, na wewe tayari unao wa kwanza.

Uliandika pia kwamba uhandisi wako unakuweka mbali na amani, kana kwamba amani huanza pale bunduki zinaponyamazishwa. Johan Galtung, mmoja wa waanzilishi wa taasisi ya utafiti wa amani ya Oslo iliyoanza mwaka 1959, alitofautisha amani hasi, ambayo ni kutokuwepo kwa vita, na amani chanya, ambayo ni kuwepo kwa haki na mifumo inayowawezesha watu kuishi kwa heshima. Ukilikubali wazo hilo, na mimi nalikubali kwa moyo wote, huwezi tena kusema kwamba mwenye kuhakikisha maji safi yanafika kwa walionyimwa amekaa kando ya kazi ya amani. Hata Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa na nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015, yote 17, yameandikwa kwa mtazamo huo. Lengo la 16 linahusu amani, haki na taasisi imara, lakini ukisoma shabaha ya 6.5, iliyo ndani ya lengo la maji, utakuta inazitaka nchi kusimamia rasilimali za maji kwa pamoja, ikiwemo kwa kushirikiana kuvuka mipaka.

Waangalie pia waliotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Norman Borlaug, aliyepewa mwaka 1970, alikuwa mtafiti wa mimea aliyezalisha mbegu za ngano. Joseph Rotblat, wa mwaka 1995, alikuwa mwanafizikia aliyejiondoa kwenye mradi wa kutengeneza bomu la atomiki na kuutumia ujuzi wake kupinga silaha hizo kwa miongo mingi. Wangari Maathai, wa mwaka 2004, alisomea biolojia na kufundisha anatomia ya wanyama chuoni kabla na hata baada ya kuanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na aliiona ardhi iliyochakaa kuwa chanzo cha ugomvi wa kesho. Hakuna kati yao aliyeitupa taaluma yake ili aitumikie amani.

Hata hivyo sisemi kwamba masomo ya amani hayana faida. Nimekaa kwenye kamati za kusoma maombi ya kazi za maendeleo, na kosa ninalolihofia zaidi kwa wataalamu wa kiufundi ni kuamini kwamba jibu sahihi la kitaalamu ni jibu sahihi kwa watu. Mhandisi anaweza kuchimba kisima pale ambapo maji yako karibu zaidi na gharama ni ndogo zaidi, vipimo vyote vikiwa safi, kumbe mahali hapo ni njia ya mifugo inayopakana na mashamba, na kisima kile kikawaleta wafugaji na wakulima uso kwa uso katika mwezi mgumu kuliko yote. Hakuna kanuni ya haidroliki itakayokuonya. Kinachokuonya ni uchambuzi wa migogoro: nani anafaidika, nani anapoteza, nani hakuulizwa, ni ugomvi gani wa zamani umelala chini ya ardhi hiyo. Hayo hufundishwa, na hufundishwa vizuri, katika vyuo kama Bradford nchini Uingereza, ambako idara ya masomo ya amani ilianza mwaka 1973, na Chuo Kikuu cha Amani kilichoanzishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1980, ambacho makao yake yako Costa Rica.

Kwa hiyo ushauri wangu si usisome, ila usome kama nyongeza. Kwa mtu wa maji ipo njia inayokufaa zaidi kuliko uliyoitaja. Taasisi ya IHE Delft nchini Uholanzi imekuwa ikiwafundisha wahandisi wa maji kutoka nchi nyingi tangu mwaka 1957, na imewahi kushirikiana na hicho Chuo Kikuu cha Amani katika masomo ya ushirikiano na diplomasia ya maji. Uliza kama masomo ya aina hiyo yanatolewa mwaka utakaoomba, na yasipokuwepo, tafuta chuo kitakachokuruhusu kuchukua sheria ya mito ya kimataifa na usuluhishi ukiwa bado mhandisi. Isome pia mikataba miwili ya kimataifa yenyewe kabla hujasoma vitabu vinavyoieleza: ule wa Helsinki wa mwaka 1992 kuhusu mito na maziwa yanayovuka mipaka, ambao tangu 2016 nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa inaweza kujiunga nao, na ule wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya mikondo ya maji ya kimataifa yasiyo ya usafiri wa majini, ulioanza kutumika mwaka 2014. Utashangaa ni kiasi gani cha lugha yake unakielewa kuliko mwanasheria asiyewahi kupima mto.

Kuhusu ajira nitakuwa mkweli, kwa sababu wengi huambiwa mazuri tu. Mwaka 2025 misaada ya nje ya nchi tajiri ilipunguzwa sana, shirika la misaada la Marekani likafungwa, na wafanyakazi wengi wenye uzoefu wa miaka mingi wakarudi sokoni kutafuta kazi. Anayeingia katika uwanja huu sasa akiwa na shahada ya jumla pekee anashindana na watu hao. Programu ya Wataalamu Vijana ya Umoja wa Mataifa ina mtihani, ina ukomo wa umri wa miaka 32, na huwapokea raia wa nchi zilizo kwenye orodha ya mwaka husika pekee, huku fani zinazotakiwa zikibadilika. Nafasi za maofisa wataalamu wadogo hugharamiwa na serikali za nchi wafadhili, ambazo nyingi huwachukua raia wao kwanza. Mafunzo kazini katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayalipwi, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kwa vijana wasio na wa kuwategemea, kwa maana linamfungia mlango hasa yule anayeujua umaskini kwa karibu. Mlango ambao ningekuelekeza ni Watu wa Kujitolea wa Umoja wa Mataifa, mpango uliopo tangu mwaka 1970 na wenye makao yake Bonn, ambao huwapa wanaokwenda vituoni posho ya kuishi na huwatafuta watu wenye ujuzi mahususi, wahandisi wakiwemo. Na yeyote akikudai ada ili akupatie kazi katika Umoja wa Mataifa, jua ni tapeli, kwa kuwa Umoja huo hautozi chochote katika hatua yoyote ya kuajiri.

Zaidi ya hapo, usiifunge ndoto yako ndani ya nembo ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Mamlaka za mabonde ya mito, wizara za maji, mahakama za ardhi, ofisi za takwimu, vyombo vya habari vinavyoandika kuhusu mazingira, vyote hivyo huamua kila siku iwapo majirani watagawana au watapigana, na katika vingi vyake mtu mmoja mwadilifu hubadilisha mambo kwa kasi kuliko katika shirika kubwa.

Umeuliza pia kwa niaba ya mdogo wako anayefundisha historia, ambaye anahisi kwamba kazi hizi si za mtu kama yeye. Mwambie kwamba Katiba ya UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, iliyokubaliwa mwaka 1945, inaanza kwa kusema kuwa vita huanzia katika fikra za watu na kwamba ni humo ngome za amani zinapopaswa kujengwa, na kwamba mwezi Novemba 2023 nchi wanachama wa shirika hilo zilipitisha pendekezo jipya kuhusu elimu kwa ajili ya amani, haki za binadamu na maendeleo endelevu, kuchukua nafasi ya lile la mwaka 1974. Lakini maazimio humfikia mwanafunzi kupitia mwalimu tu, na mwalimu wa historia ndiye anayeshika sehemu nyeti kuliko zote, kwa sababu ndiye anayewaeleza watoto nani alikuwa adui. Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu kati ya mwaka 1870 na 1945, na mwaka 2006 kikatoka kitabu kimoja cha historia cha shule za sekondari za nchi zote mbili, kilichoandikwa na waandishi wa pande zote mbili kwa maudhui yaleyale katika lugha mbili. Wazo lake lilitoka kwa vijana waliokutana katika bunge lao la pamoja mwaka 2003. Mdogo wako anaweza kuanza na kidogo zaidi: tukio moja la historia, masimulizi mawili yanayopingana, na wanafunzi wanaotakiwa kueleza kwa haki simulizi ambalo hawalikubali. Somo la namna hiyo, likifanywa kwa muda wa kutosha, humlea msuluhishi bila kulitaja neno usuluhishi.

Sasa nakuomba mambo mawili. Kwanza, niletee rasimu ya maombi yako ya ufadhili, na ile aya unayoeleza kwamba umepoteza miaka kwenye uhandisi uiondoe, mahali pake uandike miradi uliyoisimamia, idadi ya watu waliopata maji, na migogoro iliyotokea njiani pamoja na jinsi ilivyotatuliwa. Pili, barua ya kuacha kazi usiiwasilishe mpaka tuwe tumezungumza, na ikiwezekana omba likizo ya masomo badala yake. Wasalimie wote, na mdogo wako mwambie naye aniandikie moja kwa moja.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.