Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dawa ya UTI na Virusi vya Herpesi

Ndugu wanachama, wenye maduka ya dawa muhimu wa Masasi, Newala na Tandahimba,

Hesabu za chama zimekaguliwa, hatudaiwi, na mhazini atazisoma mwenyewe. Mimi nazungumzia jambo lililoniletea maswali mengi kuliko yote mwaka huu: je, dawa ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inatibu herpesi, virusi vinavyoleta malengelenge ya mdomo na ya sehemu za siri?

Habari ina chanzo cha kweli. Nitroksolini, dawa ya maambukizi ya kibofu inayotumika miaka mingi Ujerumani, ilijaribiwa maabara ikazuia virusi vya herpesi simpleksi aina ya 1 kuzaliana ndani ya seli. Nilifurahi, maana dawa kongwe ikipata kazi mpya, madhara yake tayari yanafahamika. Lakini seli za maabara si mgonjwa. Dawa kujaa kwenye mkojo ni jambo moja, kufika kwenye kidonda cha mdomo kwa kiasi cha kutosha ni jingine. Kwa herpesi, mwongozo wetu wa tiba unataja asiklovia, dawa ya virusi hivyo, na hapo ndipo tusimame.

Wapo kati yetu waliosikia “nitro” wakaanza kutoa nitrofurantoini. Hiyo ni dawa nyingine kabisa, ya bakteria. Naomba tuache leo hii; tunamlipisha mteja bure na kukuza usugu wa vimelea.

Kinachoniuma hasa ni mama anayefika dirishani akasema kwa sauti ya chini, “Mkojo unaniunguza,” nasi tukafunga vidonge bila swali la pili. Malengelenge ya herpesi ya sehemu za siri nayo huunguza, mkojo unapopita juu ya vidonda. Tumvute pembeni tumuulize: ana vipele au vidonda? Ana homa? Tezi za kinena zimevimba? Akikubali hata kimoja, aende kituo cha afya akapimwe. Akiwa mjamzito anayekaribia kujifungua, aende siku hiyohiyo, kwani mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.

Tena tusimwaibishe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana virusi vya aina ya 1, wengi wao bila dalili yoyote.

Kamati inapendekeza kila duka liwe na daftari la rufaa, na mafunzo ya wauzaji yafanyike kabla minada ya korosho haijaanza, kwani baada ya hapo hakuna atakayepata nafasi ya kufunga duka. Naomba mpige kura juu ya yote mawili.