Zuhura, kuhusu lile kanisa la Acoma

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum, za Mombasa na za watoto? Mesej yako nimeisoma na lile swali lako halijanitoka, eti kama Wahispania waliwatenda vile watu wa Acoma, wenyeji wa asili wa huku Marekani, mbona kanisa bado limesimama na tena wenyewe ndo wanalikandika udongo kila likichakaa, si wangelibomoa zamani. Nataka nikujibu vizuri, manake huku Albuquerque, jimbo la New Mexico, watu wanalisifu tu, kuta nene, picha nzuri, basi, na mimi huwa inaniuma.

Acoma iko kama kilomita 100 magharibi ya hapa, mji juu ya jabali lenye kichwa bapa, mita 110 hivi kutoka chini, na wenyewe wameishi pale juu karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Desemba 1598 askari wa gavana wa Kihispania, Juan de Oñate, walipanda kudai chakula, na ni majira ya baridi kali hayo, chakula cha ndani ndo cha kuwavusha watoto mpaka mavuno, pakazuka vita na mpwa wa Oñate, Juan de Zaldívar, akauawa pamoja na wenzake kadhaa. Januari 1599 akaja ndugu yake Vicente na mizinga, siku 3 za kuua na kuchoma, wanakadiria walikufa watu kama 800. Waliotekwa walikuwa kama 500 na hukumu yao imeandikwa, Zuhura, ipo kwenye makaratasi: wanaume waliozidi miaka 25 wakatwe wayo mmoja na watumikishwe miaka 20, wanawake na vijana kuanzia miaka 12 nao utumwa miaka 20, na wasichana wadogo wapatao 60 wakapelekwa Mexico. Hata Wahopi wawili, watu wa kabila jingine la wenyeji, waliokuwa wageni tu pale mjini wakakatwa mkono wa kulia. Oñate alikuja kushtakiwa Mexico, 1614 akapatikana na hatia na kufukuzwa New Mexico, ndo hivyo tu.

Sasa fikiria, miaka 30 haijatimia vizuri toka hayo yatokee, 1629 anakuja padri Mfransisko, Juan Ramírez, na kanisa la San Esteban linaanza kujengwa. Kule juu ni mwamba mtupu, udongo hamna, miti hamna, maji ni ya mvua yanayokusanyika kwenye mashimo ya mawe. Kwa hivyo udongo wote wa kuta zile, na kuta zina unene wa mita mbili na zaidi kuna mahali, ulipandishwa kwa migongo ya watu kwenye njia zilizochongwa ukingoni mwa jabali. Boriti, na usifikirie hizi boriti zetu za mikoko, ni misonobari mizima, zilikatwa Mount Taylor ambao kwao ni mlima mtakatifu, kilomita 30 na zaidi, zikabebwa mabegani, na wanasimulia kwamba hazikuruhusiwa kugusa chini njia nzima. Makaburi mbele ya kanisa pia, pale palikuwa jiwe, wakajenga ukuta wakajaza udongo kikapu kwa kikapu, inasemwa ilichukua miaka 40. Na ukuta huo una tundu. Watembezaji wa pale, ambao ni Waacoma wenyewe, wanaeleza kwamba liliachwa ili roho za watoto waliochukuliwa Mexico zipate pa kurudia nyumbani. Mimi pale niliposikia hilo sikuweza kusema kitu.

Halafu wewe unayefundisha historia hili litakugusa: mfalme aliyekuwa anapelekewa ripoti za New Mexico wakati ule ndo yule yule bwana wa Wareno wa Fort Jesus, manake Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja 1580 mpaka 1640. Ramírez anaanza kanisa 1629, na 1631 Yusuf bin Hasan, yule sultani wa Mombasa waliyembatiza na kumlea Goa, anaingia ngomeni anawaua Wareno.

Huku moto uliwaka baadaye. Wakati wa ukame na njaa mapadri walikuwa wanachoma vinyago vya ibada na kuvamia kiva, yaani vile vyumba vyao vya ibada, na 1675 wakakamatwa wazee wa dini 47 kwa kisingizio cha uchawi, baadhi wakanyongwa, wengine wakachapwa viboko hadharani. Mmoja wa waliochapwa ni Po'pay wa mji wa Ohkay Owingeh. Huyo ndo aliyepanga ule uasi, wapiga mbio wakatumwa na kamba zenye mafundo, kila siku unafungua fundo moja, na tarehe 10 Agosti 1680 Pueblo, yaani miji ya wenyeji kama Acoma, karibu zote zikainuka, mapadri 21 wakauawa pamoja na Wahispania wengine kama 380, waliobaki wakakimbilia El Paso na hawakurudi kutawala mpaka miaka 12 ikapita. Pecos, Pueblo nyingine, waliteketeza kanisa kubwa kabisa wakachimba kiva pale pale kwenye makazi ya mapadri.

Acoma nao walimuua padri wao. Kanisa wakaliacha.

Na hapo ndo jibu langu, shoga. Mimi naona hawakuwa wanamhurumia Mhispania hata kidogo, waliona kwamba lile si lake. Udongo ni migongo ya baba zao, boriti zimetoka mlima wao, wafu wao wako pale mlangoni, sasa ubomoe nini, ubomoe jasho la mama yako? Na hasira haikuisha kwa sababu hiyo, 1998 wakati watu wanasherehekea miaka 400 toka Oñate afike, sanamu yake kule Alcalde, hapa hapa New Mexico, ilikutwa imekatwa wayo, na 2020 sanamu yenyewe ikaondolewa. Vyote viwili viko pamoja, kanisa linakandikwa na Oñate hasamehewi, na sioni kama kuna mgongano.

Siku ukija huku jitahidi iwe karibu na Septemba 2, sikukuu ya San Esteban, wanacheza ngoma zao za mavuno pale juu. Ila ndani ya kanisa na makaburini kupiga picha hairuhusiwi, nakujua na simu yako. Nisalimie mama sana, na unijibu hili la Yusuf bin Hasan wanafunzi wako wanalichukuliaje.

Wako,
Mwanaisha