Elizabeth Taylor hakuwa hesabu ya waume tu

Mhariri,

Tangu mwigizaji wa filamu wa Hollywood, Elizabeth Taylor, afariki huko Los Angeles Machi 23, 2011, akiwa na umri wa miaka 79, kila tanzia ninayoisoma inaanza na waume zake. Ndoa nane, waume saba, almasi, macho ya zambarau. Sawa. Hata mimi nafurahi kujua kwamba mwigizaji mwenzake Richard Burton alimuoa mara ya pili mwaka 1975 huku kwetu Afrika, kando ya mto Chobe, Botswana.

Lakini mwaka 1985, Ukimwi ulipokuwa ugonjwa wa kunong'onezwa na wakubwa wa Hollywood wakiogopa hata kuutaja, mama huyu alijitosa. Rafiki yake Rock Hudson, aliyecheza naye filamu, alikuwa anaumwa ugonjwa huo, na akafariki Oktoba mwaka huohuo. Taylor alipiga simu, akachangisha fedha, akashiriki kuanzisha taasisi ya utafiti, na mwaka 1991 akafungua mfuko wake mwenyewe. Sisi tuliozika ndugu zetu tukiambiwa "wamelogwa" tunajua uzito wa mtu maarufu kusema hadharani wakati wengine wamenyamaza. Hayo yanastahili aya ya kwanza, si ya mwisho.

Tuzo mbili za Oscar alizoshinda kwa uigizaji nazo zimetajwa kama nyongeza!

Nasikia hata mazishi yake yalianza robo saa baada ya muda uliotangazwa, kwa agizo lake mwenyewe. Hapo nilicheka.

Mpenzi wa sinema za zamani,
Tanga