Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: tunaomba picha za setilaiti za msitu wetu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira,

Pokea salamu zangu kutoka Sikonge, mkoani Tabora. Nakuandikia kwa heshima zote, ila uvumilivu umenishinda.

Wiki iliyopita kwenye mkutano mkuu wa kijiji tulisomewa ripoti ya mradi wa kaboni, ule wa kulinda msitu ili tani za hewa ya ukaa iliyozuiwa ziuzwe: msitu uko salama, hewa ya ukaa iliyozuiwa imeongezeka. Kesho yake nikaenda kukagua mizinga yangu. Mninga uliobeba mizinga umelala chini, kisiki bado kinavuja utomvu mwekundu, na hatua chache mbele tanuru la mkaa linafuka moshi. Nyuki wamehama. Asali ndiyo ada ya wanangu, Mheshimiwa. Niliacha kulima upande ule, nikaunga mkono sheria ndogo, kwa sababu tuliahidiwa kuwa kila tani ya hewa ya ukaa itakayoandikwa itahakikiwa. Kahakiki nani?

Nahisi aliyeandika ripoti hakukanyaga msituni; kachukua takwimu za zamani akazisogeza mbele. Kama msitu haujaguswa, kuni za mabani ya kukaushia tumbaku zinatoka wapi?

Vyombo vya kuhakiki vipo angani. Japani ilirusha setilaiti ya GOSAT mwaka 2009, Marekani ikarusha ya OCO-2 mwaka 2014. Zinapima mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini. Hewa ya ukaa hufyonza sehemu ya mwanga huo, na hapo wataalamu hukadiria ipo kiasi gani hewani na kulinganisha na kinachotangazwa kwenye ripoti. Vipimo hivyo ni vya eneo pana, tanuru moja la Sikonge havilioni. Lakini setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupiga picha ardhi yetu kila baada ya siku 5 hivi, zinatofautisha hata kipande cha mita 10 kwa 10, na picha zake ni bure. Masika mawingu huziba, sawa. Sasa ni kiangazi, anga ya Tabora iko wazi. Wa kuzisoma tunao: kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kinachokwamisha ni nini?

Naomba picha. Kabla ripoti yoyote ya kaboni haijapitishwa, picha za msitu za mwaka jana na za mwaka huu zibandikwe pamoja kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kila mtu aone palipokatwa. Tani za uongo zikishauzwa, kiwanda cha mbali kinaendelea kutoa moshi kikidai kimeshaulipia, na huku mti haupo na nyuki hawapo.

Picha, Mheshimiwa. Ziletwe kabla ya mkutano ujao, maana tutaombwa tena kupokea ripoti, na mimi sitaipokea bila hizo picha.

Wako,
Mfugaji nyuki, Sikonge, Tabora